Nilimwambia Asikate Tamaa

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi za jioni, muda ambao tanuri limeshaanza kupoa na vijana wanafagia unga sakafuni. Binti mmoja alifika mlangoni pa karakana yangu ya mikate hapa Kihonda, Morogoro, akiwa amebeba trei nne za kuokea nilizomwazima mwaka jana. Alikuwa amezisugua mpaka zinang'aa. Alisema, "Shikamoo, dada," akaziweka juu ya meza ya kukandia, moja juu ya nyingine, taratibu, kama mtu asiyetaka mwenyewe aulize kwa nini kitu chake kinarudi mapema.

Sikuuliza, kwa sababu nilijua. Binti huyu anaoka keki na skonzi nyumbani kwao kwa jiko la gesi, anauza kwa oda na katika maduka mawili ya mtaani kwake, na kwa miezi mitatu nilikuwa nimeona picha za kazi zake anazoweka WhatsApp zikipungua, kutoka kila siku, zikawa za mwisho wa wiki, kisha kimya.

Alipokuwa anatoka aligeuka akaniuliza, "Dada, hivi wewe hujawahi kutaka kuacha?"

Nikamjibu, "Usikate tamaa, mdogo wangu. Biashara ni uvumilivu."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka.

Wiki tano zimepita tangu siku hiyo. Trei zile ziko kwenye rafu karibu na mizani, na kila ninapopima unga asubuhi macho yangu yanakutana nazo. Mwanzoni nilidhani ninamsikitikia binti yule. Baadaye nilielewa kwamba kinachonisumbua ni jibu langu, kwa kuwa halikuwa jibu la swali alilouliza. Yeye aliuliza jambo ambalo lingejibiwa kwa ndiyo au hapana, na jibu la kweli ni ndiyo: nimetaka kuacha mara tatu, na mojawapo ya mara hizo nilishaandika tangazo la kuuza mashine zangu. Nilimwacha aende akiamini kwamba mimi niliumbwa kwa udongo mwingine, na kwamba kinachomkosesha yeye usingizi hakijawahi kuufikia mlango wangu.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

## Mifuko kumi na minne

Nianze na hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo watu hunitaka niisimulie, ingawa sidhani kama ndiyo yenye funzo.

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu alipotangaza kwamba shule zifungwe kwa siku 30 kwa sababu ya korona, karakana yangu ilikuwa katika mwaka wake wa tatu, na zaidi ya nusu ya mauzo yangu yalitoka katika shule tatu za bweni zilizochukua skonzi za chai ya asubuhi. Siku ile ghalani nilikuwa na mifuko 14 ya unga wa ngano, yote ya mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla. Siku 30 zikaongezwa, na shule hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka tarehe 29 Juni. Vijana wangu wawili kati ya wanne walirudi kwao Mvomero. Mimi na waliobaki tulioka kidogo kidogo, tukauza mlango kwa mlango, na deni lile nililimaliza mwaka uliofuata.

Nilichokuja kukitambua miaka mingi baadaye ni kwamba katika miezi ile sikujitilia shaka hata siku moja. Niliogopa, nililala na njaa siku mbili tatu ili watoto wapate kula, lakini sikuwahi kujiuliza kama mimi ni mtu ninayestahili kufanya biashara. Janga lilikuwa la dunia nzima, lilikuwa na jina na tarehe, na kila niliyekutana naye sokoni alikuwa na yake ya kusimulia. Mtu huweza kubeba mzigo mzito mno iwapo anajua haukutokana na yeye.

Kilichokaribia kunimaliza ni hasara ya shilingi 4.

## Hasara isiyo na tarehe

Baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza Februari 2022, bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia ilipanda karibu kila mahali. Tunalima ngano hapa nchini, kule Hanang, Karatu, West Kilimanjaro na Makete, lakini sehemu kubwa ya tunayoila huja kwa meli, na kwa hiyo kinachotokea Bahari Nyeusi hufika mpaka kwenye meza yangu ya kukandia. Mfuko wa kilo 25 niliouzoea kwa shilingi 34,000 ulipanda mara tatu mfululizo. Mafuta nayo yakapanda. Mimi niliendelea kuuza skonzi kwa shilingi 150 kwa bei ya jumla, kwa kuwa niliogopa kwamba nikiongeza hata shilingi 20 wenye maduka watahamia kwa mwingine.

Ugumu wa hasara ya namna hii ni kwamba haina siku ya kuilaumu. Nilikuwa nauza skonzi zote. Kila jioni droo ilikuwa na pesa, na nilipozihesabu zilinipa moyo. Lakini ikifika tarehe ya kumlipa muuzaji wa unga hazikutosha, nami sikuweza kuonyesha zilipokwenda. Nilianza kuwashuku vijana wangu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma, kwa sababu hawakuwa wamechukua hata mia. Nilipoona hakuna mwizi wa kumkamata, nilijigeukia mwenyewe.

Kwetu sote ni walimu. Baba alikuwa mwalimu, mama mwalimu, dada zangu wawili walimu, na nilipoanza kuoka mikate shangazi yangu alisema mbele ya watu kwamba biashara ina wenyewe. Kauli ile niliisahau kwa miaka mitano. Mwaka 2022 ilirudi, ikawa inaniamsha saa nane za usiku kabla ya kengele ya simu, nami nikalala kifudifudi nikiirudia kama mtu anayekariri: biashara ina wenyewe, na wewe si mmoja wao.

Shaka ya namna hiyo haikuambii nini cha kurekebisha. Inakuambia tu wewe ni nani.

## Siku nne za moto

Katika hali hiyo rafiki alinipeleka kwenye semina ya wajasiriamali, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakasimama madirishani. Msemaji alikuwa na kipaji. Alisema adui wa kwanza wa mfanyabiashara ni shaka iliyo moyoni mwake, kwamba mwenye kufanikiwa haisikilizi, na kwamba wanaoanguka huanguka kwa sababu moyo wao haukuwaka vya kutosha. Tulisimama, tukashikana mikono, tukasema kwa sauti kwamba hatutarudi nyuma. Nilitoka pale nikihisi miguu yangu haigusi chini.

Moto ule ulidumu siku nne, na katika siku hizo nne nilifanya uamuzi uliokuja kunila kwa mwaka mzima na zaidi.

Nilikopa shilingi milioni 3 kwa wale wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu, marejesho shilingi 165,000 kila wiki kwa wiki 24, nikanunua mashine ya kukatia slesi. Kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi yangu ilikuwa fupi. Ukipiga hesabu utaona nilirudisha shilingi 3,960,000. Mimi sikupiga hesabu hiyo siku ya kusaini, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba kuhesabu sana ni dalili ya woga. Nilitaka kutoka kwenye skonzi za shuleni niingie kwenye mkate wa slesi wenye karatasi iliyochapishwa jina langu, ukae kwenye rafu za maduka kando ya mikate ya viwanda vikubwa.

Mikate ya viwanda vikubwa hufika Morogoro alfajiri kwa magari kutoka Dar es Salaam, na isiyouzwa huchukuliwa na kubadilishwa. Mwenye duka akishazoea hivyo, hawezi kupokea wako kwa masharti mengine. Kila mikate mitano niliyopeleka, mmoja ulinirudia siku ya tatu ukiwa umekauka au umeanza ukungu, na huo mmoja ulimeza faida ya ile minne, ukabaki na njaa.

Tangu wiki ya pili ya kazi ile, kila alfajiri nilipokuwa napakia mikate ya slesi kwenye bajaji, tumbo lilikuwa linakaza. Skonzi hazikunifanya hivyo. Nilipopakia skonzi nilikuwa sawa. Nilihisi tofauti hiyo waziwazi, siku baada ya siku, nami kila mara niliita ni udhaifu wa imani, nikavaa visikizio, nikasikiliza sauti nyingine ya kunitia moyo mpaka bajaji ikafika mjini.

Tumbo lile lilikuwa linasema kweli. Lilijua kabla yangu, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyokuwa inapokea mikate iliyorudi, nami nikalinyamazisha kwa mwaka mzima kwa jina la hamasa.

Naomba nisieleweke kwamba nawachukia wanaotia watu moyo. Kuna siku neno jema la mtu humwinua mwenzake kitandani, nami nimeinuliwa hivyo. Ninachokikataa ni lile fundisho la kwamba walioanguka walipungukiwa na moyo. Namjua mama aliyekuwa anashona sare za shule katika fremu ya tatu kutoka kwangu, aliyekaa kwenye cherehani mpaka vifundo vya miguu vikavimba. Alipewa kazi ya sare mia mbili, akanunua vitambaa kwa pesa yake, na malipo yakacheleweshwa muhula mzima. Alifunga biashara. Mwanamke yule alikuwa na moyo kutuzidi sote tuliokuwa kwenye ukumbi ule, na anapotajwa kama mfano wa mtu aliyekata tamaa mimi hunyanyuka nikaondoka.

## Tamaa ipi?

Nimekuwa nikilifikiria neno hili tangu binti yule aondoke. Sisi husema tamaa tukiwa na maana ya matumaini, na husema tamaa tukiwa na maana ya kutaka kisichokufaa au kisicho chako. Aliyekata tamaa amekosa tumaini, na tamaa ndiyo hiyohiyo tunayosema ilimuua fisi. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kutenganisha mawili hayo kwa maneno mawili, na nadhani walijua kwamba kwa aliye ndani ya jambo hayatengani kwa urahisi.

Nilipokuwa napakia mkate wa slesi niliamini nashikilia tumaini. Sehemu yake ilikuwa tumaini kweli. Sehemu nyingine, nikisema mbele ya Mungu, ilikuwa hamu ya kuona jina langu kwenye karatasi, na hamu ya shangazi yangu kuliona pia. Kila aliyeniambia nisikate tamaa alikuwa anazilisha zote mbili kwa kijiko kimoja.

Binti yule nami nilimlisha hivyohivyo. Sikujua ni ipi anayotaka kuikata, na sikumuuliza.

## Kilo arobaini

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali. Kwa mwenye duka la nguo mgao ni usumbufu. Kwa mwoka mikate ni jambo jingine, kwa kuwa unga ukishapata maji na hamira unakwenda kwa saa yake wenyewe. Usiku mmoja umeme ulikatika nje ya ratiba tuliyopewa, tukiwa tumekanda kilo 40 na trei zimeshajaa. Tanuri langu lilikuwa la umeme. Tulikaa gizani tukisikia harufu ya hamira ikizidi kuwa kali, skonzi zikaumuka, zikapita kiasi, kisha zikaanza kushuka moja moja, ngozi ya juu ikikunjamana. Kijana wangu mmoja alikuwa anazimulika kwa tochi ya simu, akazima bila kusema kitu.

Niliwaambia waende wakalale. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikaandika kwenye simu tangazo: mashine ya kukandia, tanuri, mashine ya slesi, trei 60, mizani, bei ya maelewano. Nilikuwa natafuta kundi la kulituma, simu ikazima. Haikuwa na chaji tangu mchana kwa sababu ya umeme uleule.

Nimeulizwa na wawili watatu ni nguvu gani iliyonizuia usiku ule, na wakati mwingine nimejibu kwamba ni sala. Niliomba kweli. Lakini tangazo halikwenda kwa sababu simu ilizima, na nadhani mtu aliye katika giza kama lile ana haki ya kujua kwamba sikuwa jasiri kumzidi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilikwenda kuomba nitolewe hisa zangu kabla ya mzunguko kuvunjwa.

## Skonzi moja

Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima ambaye ujanani alikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha viatu cha Morogoro. Wenyeji mnakifahamu: kiwanda kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikatarajiwa kuuza viatu vyake vingi Ulaya, kisha kikashindwa kuzalisha zaidi ya asilimia chache za uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Hakunipa pole wala moyo. Aliniuliza, "Mwanangu, skonzi yako moja inakugharimu shilingi ngapi?"

Nilimwambia bei ninayouzia.

"Sijauliza unauza ngapi. Nimeuliza inakugharimu ngapi."

Nilikuwa nimeoka skonzi kwa zaidi ya miaka sita, na sikuwa na jibu.

Wenzetu walipotawanyika alinibakiza, akafungua daftari jipya, tukaanza. Mfuko mmoja wa kilo 25, kwa bei ya mwezi ule, ulikuwa shilingi 48,000. Sukari kilo mbili na nusu, 7,000. Mafuta lita moja na nusu, 10,500. Hamira 3,500, chumvi 500. Umeme alinilazimisha nikumbuke LUKU niliyonunua kwa wiki na mifuko niliyooka, tukapata 8,000 kwa mfuko. Bajaji 6,000. Ujira wa vijana, 9,000. Jumla ilikuwa shilingi 92,500, na mfuko ule ulinipa skonzi 600 zinazoniletea shilingi 90,000.

Akagawanya kwa mkono, bila kikokotoo. Skonzi moja ilinigharimu shilingi 154, nami niliiuza kwa 150. Hapo kodi ya fremu haijawekwa, wala skonzi zinazoungua, wala jasho langu mwenyewe, ambalo halikuwa na bei popote katika mawazo yangu.

Nilibaki naikodolea namba ile. Kadiri nilivyokuwa nauza kwa bidii ndivyo nilivyokuwa nazidi kuzama, na bidii ndiyo dawa pekee niliyokuwa nimeandikiwa. Mkate wa slesi tulipoufikia ilikuwa mbaya zaidi, na sikuhitaji hesabu imalizike. Tumbo lilikuwa limeshaimaliza zamani.

Mama yule akafunga daftari, akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Kule kiwandani hatukukosa bidii. Saa moja kamili tuko getini, mashine mpya, kila mtu na ari yake. Hesabu ndiyo ilikuwa imekataa tangu mwanzo, na wenye kuiona hawakuulizwa."

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii nilikuwa naijua tangu shule ya msingi, imeandikwa mpaka kwenye kuta za maduka, na nilikuwa nimeichukua kama onyo la kutoibiwa. Jioni ile niliisikia kwa namna nyingine. Bila daftari, kinachoisha kwanza ni heshima ya mtu kwa nafsi yake, kwa kuwa penye upungufu usioelezeka hujiweka yeye mwenyewe kuwa maelezo. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nimejiambia kwamba biashara ina wenyewe na mimi si mmoja wao, wakati ukweli wote, ukiuandika, ulikuwa skonzi inayouzwa kwa shilingi 4 chini ya gharama yake na mkate usiokuwa na soko.

Nililia njiani kurudi nyumbani. Ulikuwa ukweli mchungu, lakini ulikuwa wa kurekebishika.

## Yaliyofuata

Nitayapita haraka. Skonzi nilizipandisha mpaka shilingi 200 kwa bei ya jumla. Katika maduka 23, sita yaliniacha, na mawili kati ya hayo yakarudi baada ya mwezi. Mashine ya slesi niliyoinunua kwa shilingi 2,800,000 niliiuza kwa 1,700,000, na siku inapakiwa nilisimama nje mpaka gari likakata kona. Nilinunua tanuri la gesi lililotumika. Mgao nao ulipungua mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine kuanzia Februari.

Mtaani walisema nimeshuka, kwa sababu mkate wenye jina langu haukuonekana tena madukani. Nilisikia, na iliniuma kidogo kuliko nilivyotegemea.

## Shaka ambazo daftari halizijibu

Nisimdanganye mtu tena. Daftari halikuniponya.

Kuna shaka zinazohusu bei, na hizo sasa nikizihisi nazipokea kama mgeni mwenye habari. Nakaa nazo, naziuliza zimeona nini, na mara nyingi huwa zimeona kitu. Kuna nyingine hazina habari yoyote. Huja usiku, hasa Jumapili, zikiwa na sauti ya shangazi, na hakuna hesabu inayozinyamazisha, kwa kuwa hazitoki kwenye hesabu. Nimejaribu kujibizana nazo nikashindwa. Nimejaribu kuzipuuza, nikakumbuka yaliyonipata nilipopuuza tumbo.

Kilichonisaidia kwa kiasi ni kitu ambacho msemaji wa semina ile angekiita kushindwa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la 2025 niliandika lini nitafunga. Niliandika kwamba nitajilipa shilingi 350,000 kila mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kwamba ikitokea miezi mitatu mfululizo karakana imeshindwa kunilipa, nitaifunga, nitawapa vijana haki zao, nitauza vifaa kwa utaratibu, na sitaona haya. Nikatia sahihi. Mama mweka hazina naye akatia yake.

Sikujua kuandika vile kungenipa usingizi. Zamani kila usiku ulikuwa usiku wa kuamua kama niendelee au niache, na hakuna mtu awezaye kuamua jambo kubwa namna hiyo kila usiku akaamka na nguvu za kukanda. Sasa shaka ikija saa nane naiambia isubiri tarehe ya mwisho wa mwezi, tutafungua daftari pamoja. Mara nyingi hukubali.

Mwaka huohuo, Agosti na Septemba, karakana haikunilipa. Miezi miwili mfululizo. Oktoba niliifanya nikijua kwamba huenda ni mwezi wa mwisho, na naweza kusema kwa dhati kwamba sijawahi kuoka kwa utulivu kama mwezi ule. Nilizitazama skonzi zikitoka tanurini na rangi yake ya asali, nikawatazama vijana wangu wakitaniana, nikajua kwamba napenda kazi hii, na kwamba kuipenda na kuweza kuendelea nayo ni mambo mawili. Mwezi ulifungwa kwa ziada ya shilingi 41,000 juu ya ujira wangu. Ingekuwa pungufu, leo ningekuwa nafanya kazi nyingine, na nisingekuwa mtu mdogo zaidi kwa hilo.

Kikobani nako tumeongeza desturi. Kabla ya kununua hisa, kila mmoja husema mwezi huu amepoteza wapi na kiasi gani. Mara ya kwanza tulitazama chini wote. Siku hizi mama muuza dagaa akisema alipoteza 30,000 kwa mzigo ulionyeshewa na mvua, wanne wanamwambia wapi pa kupata turubai, na hasara yake inatoka pale ikiwa ni ya dagaa, haijawa yake yeye.

## Jumapili iliyopita

Nilimpigia simu binti yule baada ya ibada, nikamwomba ruhusa ya kufika nyumbani kwao. Nilimkuta amekaa barazani akimsuka mdogo wake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea maji, na nilipotoa daftari jipya na kalamu kwenye mkoba, alitabasamu kwa uchovu.

"Umekuja kunipa moyo, dada?"

"Nimekuja kujibu swali lako. Ndiyo, nimetaka kuacha. Mara tatu. Na siku ile sikukuambia kweli."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza kwa ufupi haya niliyoyaandika hapa, hata lile la simu iliyozima. Kisha nikamuuliza skonzi yake moja inamgharimu shilingi ngapi. Akafungua kinywa, akataja bei anayouzia, akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

Trei nne nilikuwa nimeziacha rafuni kwangu kwa makusudi. Sijui kama atazihitaji tena, wala sikutaka zimwingie mlangoni kabla ya hesabu.

Aliinuka, akaingia ndani. Nilisikia kabati likifunguliwa. Akarudi na kopo la maziwa ya unga, akaliinamisha juu ya mkeka, zikamwagika risiti: za gesi, za unga, za mayai, nyingine zimefifia wino mpaka ilibidi mdogo wake azishike juani ili tuzisome. Tukaanza na unga.